Wanaposema Baridi, Wanamaanisha Pesa

Tangu Septemba 2025, kijana anayeomba kibali cha kusoma Kanada, nje ya jimbo la Quebec, sharti aonyeshe kwamba ana dola 22,895 za nchi hiyo za kujikimu kwa mwaka mmoja. Karo haimo humo, wala nauli. Kwa pesa zetu za Kenya ni zaidi ya shilingi milioni 2, na ni zaidi ya maradufu ya kiasi kilichodaiwa hadi mwisho wa 2023. Habari hizo zilipotua katika makundi yetu ya WhatsApp zilipokewa kama tusi. Wametufungia mlango, watu walisema. Wanawataka wana wa matajiri tu. Mimi nadhani tumeisoma vibaya barua hiyo. Kilichoandikwa humo ni bei ya kuishi kule, imetajwa waziwazi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na bei hiyo ndiyo inayoamua kama mwanafunzi mgeni atakizoea chuo au kitamshinda. Theluji, lafudhi na chakula kisicho na ladha vinafuata nyuma sana. Sisi tumekuwa tukiwaandaa vijana wetu kwa hali ya hewa, kisha tunawaacha wakutane peke yao na mwezi wa Februari mfuko ukiwa mtupu.

Tuanze na takwimu zenyewe, maana hasira nyingi hazijazitazama. Desemba 2023, serikali ya Kanada ilipotangaza kwamba kiwango kingepanda kutoka dola 10,000 hadi 20,635 kuanzia Januari 2024, ilikiri jambo ambalo lilipaswa kutushtua kuliko ongezeko lenyewe: kile kiwango cha 10,000 kilikuwa hakijaguswa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa takriban miaka 20, mzazi wa Nakuru au Machakos aliambiwa kwa maandishi rasmi kwamba mwanawe angeweza kuishi mwaka mzima kwa fedha ambazo kwa kweli zilikuwa zikiisha katikati ya mwaka. Finland nayo ilipandisha kutoka yuro 560 kwa mwezi hadi 800 mnamo Novemba 2024. Ujerumani inataka yuro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Uingereza, Januari 2025, ilitoka pauni 1,023 kwa mwezi nje ya London hadi 1,136, na London penyewe ikawa 1,483. Nchi hizi hazikukaa mkutano mmoja kupanga njama. Kodi za nyumba zilipanda kote, na vile viwango vya zamani vikawa uongo uliopigwa muhuri.

Sasa tazama jinsi tunavyozungumza kuhusu kuzoea maisha ya chuo ughaibuni. Kila wiki ya ukaribisho chuoni kuna mhadhara mfupi juu ya kile kinachoitwa mshtuko wa utamaduni, na mara nyingi huja na mchoro: mstari unaoanza juu wakati mgeni amefurahi, unashuka anapoanza kununa, kisha unapanda polepole hadi anapozoea. Ni vizuri kujua mchoro huo ulitoka wapi. Usemi wenyewe ulienezwa na Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia Mkanada mwenye asili ya Finland, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya utafiti katika ufalme wa Ankole, hapo Uganda. Mwaka 1954, akifanya kazi katika mpango wa misaada wa Marekani nchini Brazil, alitoa hotuba juu ya mshtuko huo kwa chama cha wanawake mjini Rio de Janeiro. Mwaka mmoja baadaye, mwanasosholojia Sverre Lysgaard wa Norwei alichapisha uchunguzi wake ulioleta ule mstari unaoshuka na kupanda kama herufi U. Aliowahoji walikuwa Wanorwei kama 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Angalia vizuri ni kina nani hao. Wa kwanza, Oberg na wasikilizaji wake, ni watu wenye mishahara ya kigeni na nyumba zilizolipiwa. Wa pili ni wasomi wenye posho. Wote walikuwa wameshiba. Hakuna katika hao aliyelala akiwaza kodi ya nyumba, kwa hiyo yaliyobaki ya kuwaumiza yalikuwa utamaduni. Nadharia hiyo si ya uongo. Ila ilipimwa kwa watu ambao tatizo letu kubwa hawakuwa nalo, na leo inasomewa binti wa Kitui ambaye akiba yake itakwisha kabla ya Krismasi.

Nilisoma Uingereza, katika mji mmoja wa kaskazini, na niliugua mwezi wa pili. Nilipompigia mama simu nilimwambia ni baridi. Akanitumia kwa mkono wa msafiri shuka la Kimaasai na majani ya chai. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakula mara moja kwa siku, na nilikuwa nimejifunza kuchelewesha mlo huo hadi saa kumi jioni ili unifikishe usiku. Baridi ni neno la adabu. Mtoto aliyechangiwa na kijiji kizima hawezi kupiga simu nyumbani kusema ana njaa, hivyo anasema kuna baridi, na sisi nyumbani tunalipokea neno hilo jinsi lilivyo na kuanza kutafuta koti.

Hoja inayotawala mazungumzo yetu ni kwamba akifika atafanya kazi. Nimeisikia kwa wachungaji, kwa walimu wakuu, kwa wajomba waliowahi kwenda na kwa ambao hawajawahi kuvuka hata mpaka wa Namanga. Hesabu yake haichukui dakika tano. Uingereza, mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kilipanda Aprili 2025 hadi pauni 12.21 kwa saa. Saa 20 ni pauni 244 kwa wiki, na ukigawanya mwaka kwa miezi unapata kama pauni 1,058, kabla ya makato yoyote. Kiwango cha serikali yenyewe cha kujikimu nje ya London wakati huo kilikuwa 1,136. Yaani kijana aliyepata kazi siku aliyotua, ambaye haugui na ambaye hapungukiwi na zamu hata wiki moja, bado hafikii gharama ya kula na kulala. Karo hajaigusa. Na hapo hatujasema lolote juu ya pesa anazotarajiwa kutuma nyumbani.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni saa, na ndio usiozungumzwa kabisa. Shahada ya uzamili ya Uingereza ina alama za mzigo wa masomo 180, na kila moja imekadiriwa kwa saa 10 za kazi, jumla saa 1,800 ndani ya mwaka mmoja. Zigawe kwa wiki 48 utapata kama saa 37 na nusu kwa wiki, kazi kamili ya ofisini. Ongeza saa 20 za zamu, ambazo kwa watu wetu mara nyingi ni za nyumba za kutunza wazee au maghala ya bidhaa, tena usiku. Ongeza basi la kwenda na kurudi. Tunamdai kijana wiki ya saa 65, katika lugha ya tatu, kisha tunashangaa kwamba hana marafiki Waingereza. Wengi hupanga kufidia katika likizo ya kiangazi, wakati sheria inaruhusu kazi ya siku nzima. Hawajaambiwa kwamba kwa mwanafunzi wa uzamili miezi hiyo ndiyo ya kuandika tasnifu, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni muhula. Likizo waliyoipigia hesabu haipo.

Hapo ndipo ugumu wa masomo unapoingia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tunapowalaumu vijana bila haki. Wengi wetu tumelelewa na mitihani. Unahudhuria, unaandika alichosema mhadhiri, unakariri, mwisho wa muhula unarudisha. Kule unapewa makala tatu za kusoma kabla ya kuingia darasani, unaingia chumba cha watu 12, na mhadhiri anayetaka uitwe kwa jina lake la kwanza anakugeukia kuuliza kwa nini unadhani mwandishi wa pili amekosea. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba kumpinga mkubwa ni utovu wa adabu, hilo ni jambo zito. Linahitaji mazoezi, na mazoezi yanahitaji muda. Nalo swali la kunakili kazi za wengine lina sheria zake ndogondogo zinazojifunzwa kwa kukosea mapema, katika insha isiyo na uzito, si katika tasnifu. Karibu kila chuo kina kituo cha kusaidia uandishi, washauri na saa za kuonana na mwalimu. Huduma hizo zipo mchana, wakati aliyetoka zamu ya usiku amelala. Hata hospitali ni hivyo: mwanafunzi amekwisha kulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza ili atibiwe, ada iliyopanda kutoka 470 mnamo Februari 2024, lakini namjua zaidi ya mmoja aliyemaliza kozi bila kujiandikisha kwa daktari. Mchoro wa herufi U unadhania kwamba muda unamponya mgeni. Muda huponya aliye nao.

Najua nitaambiwa nimepuuza ubaguzi na upweke. Siupuuzi ubaguzi, hakuna akiba ya benki inayomzuia mtu kukutusi kituoni au mwenye nyumba kukwambia chumba kimeshachukuliwa baada ya kusikia jina lako. Wala upweke wa Jumapili ya kwanza bila sauti ya kanisa au adhana si mchezo. Lakini hata haya hayawaumizi wote sawa. Mwenye fedha za miezi sita huhama nyumba yenye kunguni na mwenye nyumba mkorofi. Asiye nazo hubaki. Mwenye jioni huru hujiunga na timu ya mpira, kwaya au chama cha Waafrika Mashariki, na huko ndiko watu wanakozoeana. Urafiki ni saa zilizotumiwa pamoja bila sababu maalumu, na mtu anayeuza kila saa yake kwa pauni 12 hawezi kuwa na saa za aina hiyo. Ningekubali pia kwamba kazi kidogo, tuseme saa nane au kumi kwa wiki, ni mwalimu mzuri. Lafudhi ya watu wa kaskazini niliifahamu jikoni mwa mkahawa, sikuipata darasani. Tatizo linaanza kazi inapoacha kuwa nyongeza na kuwa ndiyo inayomweka mtu hai.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu ni nyingine: kwamba viwango hivi vipya vinamtupa nje kijana maskini mwenye akili na kumbakisha mwana wa tajiri. Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba serikali hizo hazikupandisha kwa kutuhurumia. Kanada ilikuwa na uhaba wa nyumba na wapiga kura wenye hasira. Januari 2024 ikaweka ukomo wa vibali vipya vya masomo, kama 360,000 kwa mwaka huo, pungufu kwa asilimia 35 kuliko 2023. Uingereza mwezi huohuo iliwazuia wanafunzi wengi wa uzamili kwenda na wenzi na watoto wao, isipokuwa wa kozi za utafiti. Hizo ni siasa za uhamiaji, zisizofichwa hata kidogo, na vyuo vya nchi hizohizo vinaendelea kutegemea karo ya wageni kulipa mishahara. Lakini nia mbaya ya msemaji haibatilishi hesabu yake. Kijana maskini mwenye akili hakuwa akisaidiwa na kile kiwango cha dola 10,000. Alikuwa akiruhusiwa kupanda ndege, jambo tofauti kabisa. Anayemtakia mema angedai ufadhili kamili kwa ajili yake. Anayedai kiwango kishushwe anadai haki ya kijana huyo kwenda kulala na njaa mahali pa mbali.

Dhaifu kuliko zote ni ile hoja inayosemwa kwa kunong'ona: kwamba hizo ni karatasi tu. Tafuta pesa za kuonyesha. Mjomba ana za shamba aliloliuza, chama kina akiba, Sacco itakopesha. Ziingie kwenye akaunti, zikae, taarifa ya benki itolewe, viza itoke, pesa zirudi kwa wenyewe. Uingereza inataka fedha zikae siku 28 mfululizo, na ninaamini hakuna siku 28 zinazohesabiwa kwa makini zaidi katika familia zetu. Walio na mbinu hii hujiona wamemzidi Mzungu ujanja. Hebu tuulize nani aliyedanganywa. Ofisa wa viza hataishi na pengo hilo. Atakayeishi nalo ni kijana, ambaye sasa ametua akiwa na deni badala ya akiba, kwa kuwa mara nyingi mwenye pesa huchukua na riba yake. Wiki ya tatu anaanza kuvuka saa 20. Mwajiri anayekubali kumlipa bila kuandika saa hizo anajua alivyobanwa na anamlipa pungufu. Au anaingia kwenye usafirishaji wa vyakula kwa baiskeli kupitia akaunti ya mtu mwingine, kwa sababu viza yake haimruhusu kujiajiri, na mwenye akaunti anakata chake kila wiki. Akikamatwa, viza inakwenda na karo inakwenda. Wajerumani wameliziba tundu hili kwa namna ninayoistahi. Fedha huwekwa kwenye akaunti iliyofungwa, na baada ya mwanafunzi kufika hutoka yuro 992 kila mwezi na si zaidi. Mjomba hawezi kuzidai Oktoba. Watu wetu huiona kama usumbufu. Mimi naiona kama mkate wa Februari uliokwisha kulipiwa Agosti, katika nchi ambayo vyuo vingi vya umma havitozi karo, ukiacha jimbo la Baden-Württemberg linalowatoza wanafunzi wengi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula.

Kuna wanaojibu kwa kutaja kizazi cha Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya aliyewapangia vijana safari za kwenda kusoma Marekani. Wale vijana 81 walioruka mwaka 1959 kwenda Marekani, na mamia waliofuata, akiwemo Wangari Maathai aliyekwenda Kansas mwaka 1960, walikuwa na nini? Walikuwa na mambo mawili tunayoyasahau. Kwanza, Mboya na wenzake walihangaikia hasa nauli, kwa sababu vyuo vilivyowapokea vilikuwa vimetoa nafasi za masomo zenye ufadhili, ingawa maisha yalibaki magumu na wengi waliosha vyombo. Pili, nchi ilikuwa inakaribia uhuru na ilikuwa na kiti kinachosubiri kila mmoja wao. Anayewataja kama mfano kwa binti wa leo anayelipa karo kamili ya mgeni, sehemu yake mara nyingi kabla ya kupewa viza, anapaswa kumpa na yale mambo mawili.

Kama niko sahihi katika haya, basi yapo ya kubadilika hapa nyumbani kabla ya kungoja Ottawa au London. Mawakala wa vyuo vya nje, waliojaa katika majengo ya katikati ya jiji, kwa kawaida hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa. Hawalipwi kwa anayehitimu, kwa hiyo usitegemee wakwambie bei ya kuishi kule mwezi wa sita baada ya kufika. Tuliliona hili kwa ukubwa wake katika mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada, uliolipuka mwaka 2023 wazazi walipoandamana Eldoret wakidai fedha walizolipa, hadi Seneti ikaingilia na maofisa wakafikishwa mahakamani. Mjadala wote ulikuwa juu ya wizi, na ulistahili kuwa hivyo. Hatukuwauliza vya kutosha waliokuwa wamekwisha kufika Finland, wakaambiwa na vyuo kwamba karo yao haijaonekana, walipitisha vipi majira yale ya baridi. Na familia, kwa upande wao, zingeweza kuamua mambo mawili mezani kabla ya tiketi: kwamba fedha za miezi 12 zitafungwa mahali ambapo hata baba hawezi kuzigusa, na kwamba hakuna atakayemwomba kijana pesa mwaka wa kwanza, awe ni shangazi mgonjwa au ni paa la kanisa. Ikishindikana, Kampala iko umbali wa basi moja, na Dar es Salaam pia. Binti anayesoma Makerere akiwa ameshiba atakizoea chuo haraka kuliko anayesoma Manchester akihesabu vipande vya mkate, hata kama picha za Manchester zinapendeza zaidi.

Agosti iliyopita nilihudhuria harambee ya kijana wa jirani aliyepata nafasi ya uzamili Uingereza. Mwandishi wa kamati alisoma bajeti kwa sauti: karo ya awamu ya kwanza, viza, ada ya matibabu, tiketi, masanduku mawili, makoti mawili mazito, viatu vya theluji. Kisha akakunja karatasi. Nikanyoosha mkono nikauliza chakula cha baada ya Desemba kimeandikwa wapi. Mzee mwenyekiti alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyekaa ughaibuni hadi akasahau imani, akasema kijana ni mchapakazi. Watu wakapiga makofi. Yule kijana naye alipiga makofi, lakini nilimwona anaitazama ile karatasi mkononi mwa mwandishi.